Ah, mAh na yuniti za stima: maswali tunayoulizwa sana kuhusu betri

Mombasa ya sasa betri zimejaa kila pembe. Ziko kwenye simu, kwenye tuktuk zisizonguruma, chini ya kaunta za M-Pesa, na kwenye veranda za Kisauni na Likoni ambako stima ikiondoka hairudi upesi. Zote huuzwa kwa Ah (ampea-saa) au mAh, na stima tunailipia kwa yuniti. Hapo ndipo watu wanapopotezana. Maswali haya huletwa dukani karibu kila siku, na mengi mzizi wake ni mmoja: Ah bila volti ni nusu ya hesabu. Anayekuuzia nusu ya hesabu mdai nusu ya pili kabla hujatoa pesa.

Betri yangu imeandikwa 100Ah. Hiyo ni yuniti ngapi?

Nitajie volti kwanza. Kanuni ni fupi:

Ah × V = Wh

V ni volti, na Wh ni wati-saa, kipimo cha nishati. Kisha gawa kwa 1,000 upate kWh (kilowati-saa), na kWh moja ndiyo ile yuniti moja inayohesabiwa na mita yako ya tokeni. Kwa hiyo betri ya volti 12 yenye 100Ah ina 1,200 Wh, yaani 1.2 kWh: yuniti moja na ushei. Ya volti 24 yenye 100Ah hiyohiyo ina 2.4 kWh. Ya volti 51.2, zile za lithiamu zinazotundikwa ukutani kama kabati, ina 5.12 kWh. Zote tatu zina "100Ah" kwenye kibandiko, na ya mwisho inabeba zaidi ya mara nne ya ile ya kwanza.

Kwa nini volti ziingie? Ah si ndiyo ukubwa wa betri?

Ah inahesabu chaji iliyomo: ampea moja ikipita kwa saa moja, hiyo ni Ah moja. Haisemi chaji hiyo inasukumwa kwa nguvu gani. Chukua mtungi wa maji wa lita 20 ulio sakafuni na mwingine wa lita 20 ulio juu ya dari ghorofa ya tatu. Maji ni yaleyale, lakini wa juu ukifungua mfereji unajua kuna kazi inayoweza kufanyika. Lita ndizo Ah, kimo ndicho volti, na nishati ni vyote viwili vikizidishwa.

Na mAh?

Ni Ah iliyokatwa vipande elfu. 5,000 mAh ni 5Ah. Kwenye simu na pawabanki huandikwa mAh kwa sababu namba inaonekana kubwa dukani. Hakuna siri nyingine.

Pawabanki yangu ni 20,000 mAh na simu yangu ni 5,000 mAh. Mbona haijazi simu mara nne?

Hili ndilo swali la wateja wengi, na wengi huja wameshakasirika, wanadhani wameuziwa feki. Pengine ni kweli wameuziwa feki, lakini hata pawabanki halali haifiki mara nne.

Zile 20,000 mAh ni za seli zilizo ndani, na seli hizo ni za volti 3.7. Kwa hiyo nishati ni 20,000 × 3.7 ÷ 1,000 = 74 Wh. Simu haichajiwi kwa volti 3.7, inachajiwa kwa volti 5 kupitia waya wa USB, au zaidi kwa chaji ya haraka. Pawabanki inalazimika kupandisha volti, na volti zikipanda, mAh zinashuka: 74 ÷ 5 = 14.8Ah. Tayari 20,000 zimekuwa 14,800, na hakuna aliyekuibia, ni hesabu tu. Sakiti ya kupandisha volti nayo inakula sehemu yake, inapata joto, tuseme asilimia 15. Zinabaki kama 63 Wh, sawa na 12,600 mAh kwa volti 5. Geuza pawabanki yako usome yale maandishi madogo mgongoni. Kampuni zenye haya huandika namba mbili, ile ya seli na ile inayotoka kwenye tundu la USB, na hiyo ya pili mara nyingi iko karibu na hapo.

Sasa upande wa simu. 5,000 mAh kwa volti 3.85 ni 19.25 Wh. Simu nayo hupoteza kidogo inapopokea, asilimia 10 au 12, ndiyo maana hupata joto mfukoni. Katika zile 63, zinazoingia ndani ya betri ya simu ni kama 55. Gawa 55 kwa 19.25 utapata 2.9. Karibu mara tatu. Ukipata mara mbili na nusu baada ya mwaka wa matumizi, pawabanki yako haina kosa.

Kuna za 50,000 mAh zinauzwa barabarani kwa bei ya sahani ya biriani. Ni za kweli?

Hapa huhitaji kifaa chochote cha fundi, unahitaji mizani.

Seli ya lithiamu ya mviringo inayotumika sana, ile ya kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65 ambayo mafundi huiita 18650, hata ikiwa bora hubeba kama 3,500 mAh na uzito wake ni gramu 45 hadi 50. Nishati yake ni kama 12.6 Wh. Pawabanki ya 50,000 mAh ingekuwa na 185 Wh, maana yake seli 15. Zidisha kwa gramu 47: seli peke yake zinakaribia robo tatu ya kilo, bado hujaongeza kasha, sakiti wala taa yake. Nenda nayo kwa muuza viungo Marikiti umwombe akuwekee kwenye mizani mara moja. Ikisoma gramu 250, umepata jibu.

Kipimo hikihiki kinafichua zile seli za tochi zilizoandikwa 9,900 mAh. Seli ya umbo hilo yenye chaji hiyo haipo duniani. Tumezifungua baadhi: nyingine ndani mna seli ndogo imezungushiwa unga, nyingine ni seli chakavu zilizotoka kwenye laptopu zimevishwa nailoni mpya.

Volti zipi nitumie? Mita inanionyesha 12.7, mara 13.3, mara 14.4.

Tumia volti za jina, zile zilizoandikwa kwenye betri, siyo zinazosomwa na mita wakati huo. Betri ya risasi na asidi ina seli sita za volti 2, ndiyo 12. Ikijaa na kutulia husoma 12.7 hivi, na ikiwa kwenye chaja hupanda hadi 14.4. Hiyo 14.4 ni ya chaja, si ya betri, na kuna wauzaji wanaoizidisha kwa Ah ili kWh zionekane nyingi. Lithiamu ya fosfeti ya chuma, maarufu kama LiFePO4, ina seli za volti 3.2: nne ni 12.8, kumi na sita ni 51.2. Lithiamu ya simu na pawabanki ni 3.6 hadi 3.85 kwa jina, na ikijaa hufika 4.2 au zaidi kidogo. Volti za jina ni wastani wa safari nzima kutoka kujaa hadi kuisha, na ndiyo maana hesabu hukubali.

Sawa, nina 1,200 Wh. Nitazitumia zote?

Hapana, na hapa ndipo nyumba nyingi hupanga vibaya.

Betri ya risasi na asidi ukiimaliza hadi chini kila usiku inakufa upesi. Desturi ni kutumia nusu yake. Lithiamu ya fosfeti inakuruhusu kutumia asilimia 80 au 90. Kisha inveta inayogeuza volti 12 kuwa 240 inakula sehemu, tuchukue asilimia 12.

Chukua nyumba ya kawaida ya vyumba viwili Mtongwe. Stima imekatika saa mbili usiku, mwezi wa Machi, na hakuna anayeweza kulala bila feni. Feni wati 50, televisheni 45, ruta ya intaneti 10, taa mbili za wati 7. Jumla ni kama wati 120.

Kwa betri ya risasi ya 100Ah: 1,200 × 0.5 × 0.88 = 528 Wh. Gawa kwa 120: saa nne na dakika ishirini na kitu. Kabla ya saa saba usiku feni imesimama.

Kwa LiFePO4 ya 100Ah na volti 12.8: 1,280 × 0.85 × 0.88 = kama 957 Wh. Gawa kwa 120: karibu saa nane. Mnafika alfajiri.

Zote mbili dukani ni "100Ah". Ukizima televisheni watu wakilala, ile ya risasi nayo inafika mbali zaidi, na sijui kwa nini ushauri huo wa bure haupendwi.

Nikichomeka birika la umeme, betri inakwisha ghafla kabla ya hesabu. Kuna nini?

Ah za betri ya risasi hupimwa kwa kutolewa polepole. Tazama kibandiko, utaona C20 au C10. C20 maana yake 100Ah zilipatikana kwa kutoa ampea 5 kwa saa 20. Ukitoa ampea 50, usitarajie saa mbili, utapata saa moja na robo hivi, maana Ah zinazopatikana hushuka hadi karibu 60. Mjerumani Wilhelm Peukert aliandika kanuni ya jambo hili mwaka 1897, na betri hazijabadili tabia tangu hapo. Lithiamu haiumizwi sana na hili.

Birika la wati 2,000 kwenye volti 12 linataka ampea 167, bado hujahesabu hasara ya inveta. Tumia jiko la gesi. Na muuzaji akikulinganishia betri mbili, moja kwa C10 na nyingine kwa C20, mwambie azilete kwenye kipimo kimoja.

Nikiunganisha betri mbili, Ah zinaongezeka au volti?

Moja kati ya hizo. Mbili za 12V 100Ah zikifuatana, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, ni 24V 100Ah. Zikiwekwa sambamba ni 12V 200Ah. Njia zote mbili ni 2,400 Wh. Fundi akikuambia umepata 24V na 200Ah kwa betri mbili, tafuta fundi mwingine.

Betri ya pikipiki ya umeme ni 72V 40Ah. Inakwenda wapi, na kuijaza ni yuniti ngapi?

72 × 40 = 2,880 Wh. Umbali unategemea ulaji wa pikipiki, na ulaji hubadilika kwa mzigo, upepo na mkono wa dereva. Tuseme yako inakula 35 Wh kwa kilomita ukiwa na abiria mmoja: 2,880 ÷ 35 ni kilomita 82. Mjini, kutoka Bamburi hadi Mwembe Tayari na kurudi, unazunguka zaidi ya mara moja. Malindi ni kilomita 120 hivi, hufiki bila kuchaji njiani. Pima ulaji wako mwenyewe: jaza, endesha kilomita 20, jaza tena huku ukisoma mita ya stima.

Kujaza kunahitaji zaidi ya kilichomo, maana chaja nayo inapata joto. Ikiwa chaja inafikisha asilimia 88, 2.88 ÷ 0.88 ni kama yuniti 3.3. Zidisha kwa bei ya yuniti iliyo kwenye ujumbe wako wa mwisho wa tokeni, siyo bei uliyosikia kijiweni.

Naweza kutumia betri ya gari kwa sola? Na ile CCA inageuzwaje kuwa Wh?

Betri ya gari iliyoandikwa N70 kwa kawaida ni 70Ah, kwa hiyo 840 Wh kwenye karatasi. Lakini imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili injini iwake, kisha ijazwe na gari lenyewe. Bamba zake ni nyembamba. Ukiitumia kila usiku kwa taa na televisheni, haitachukua muda mrefu kabla ya kuanza kukuaibisha.

CCA haigeuzwi. Ni idadi ya ampea inazoweza kutoa kwenye baridi kali, nyuzi 18 chini ya sifuri, hali ambayo Mombasa haina habari nayo. Ukiona RC hiyo inafaa: ni dakika ambazo betri itatoa ampea 25. RC 120 ni saa mbili kwa ampea 25, yaani 50Ah, takriban 600 Wh kwa kasi hiyo ya kutoa.

Nimepewa Wh, nataka Ah.

Gawa kwa volti. Laptopu ya 50 Wh yenye betri ya volti 11.4 ni 4.4Ah, au 4,400 mAh. Usilinganishe hiyo 4,400 na 5,000 ya simu ukadhani simu ina betri kubwa. Laptopu inabeba zaidi ya mara mbili na nusu.

Jouli zinaingia wapi?

Wati moja ni jouli moja kwa sekunde, na saa ina sekunde 3,600, kwa hiyo 1 Wh ni jouli 3,600 na kWh moja ni jouli milioni 3.6. Kwa matumizi ya nyumbani huna haja nazo, isipokuwa unapotaka kulinganisha umeme na joto. Kuchemsha lita moja ya maji ya chai kutoka nyuzi 28 za mfereji wa hapa hadi 100 kunahitaji kama jouli 301,000. Gawa kwa 3,600: 84 Wh. Pawabanki ya 20,000 mAh ina 74. Yaani kifaa kinachokuhudumia siku mbili kwa simu hakiwezi kuchemsha birika moja la chai. Umeme wa kupasha joto ni mlafi, na betri ndiyo ya kwanza kulalamika.

Betri ina miaka mitatu. Bado ni 100Ah?

Hakika siyo, hasa hapa pwani. Betri ya risasi hupimwa umri wake kwa nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zaidi hukata maisha yake kwa takriban nusu. Ukiiweka darini chini ya mabati, umeipeleka mahali pabaya kuliko pote nyumbani. Iweke sakafuni, kwenye kivuli, penye hewa. Chumvi ya bahari nayo hula vichwa vya betri. Unga wa kijani au mweupe ukionekana, fungua, sugua kwa brashi ya waya, paka grisi. Muunganisho mbovu hupunguza volti, na volti zikipungua Wh zimepungua hata kama betri ni nzima.

Kupima kilichobaki: jaza kabisa, iache itulie saa kadhaa, weka mzigo wa ampea 5 unaoujua, andika saa. Mita ikifika 10.5V mzigo ukiwa bado umeunganishwa, simamisha. Kama ni saa 13, una 65Ah, karibu 780 Wh, na mipango yote ya usiku ianzie hapo. Usifanye kipimo hiki kila wiki, maana chenyewe kinaichosha betri. Mara moja kwa mwaka inatosha, kisha ijaze siku hiyohiyo.

Kwa pawabanki kuna kipimo kidogo cha USB cha bei nafuu kinachochomekwa kati ya pawabanki na simu. Chagua kinachoonyesha Wh au mWh. Vile vinavyoonyesha mAh pekee vitakurudisha kwenye mkanganyiko uleule.

Ipi ni nafuu, risasi au lithiamu?

Usigawe bei kwa Ah. Gawa kwa Wh utakazotumia kweli, kisha fikiria idadi ya mizunguko, yaani mara ngapi itajazwa na kutumiwa kabla haijachoka. Risasi ya kawaida ikitumiwa nusu kila siku huhimili mizunguko mia kadhaa. LiFePO4 nzuri huhesabiwa kwa maelfu. Mwenye stima inayokatika mara moja kwa mwezi hana sababu ya kulipa zaidi, risasi inamtosha. Anayeishi kwa sola kila usiku akinunua risasi atarudi dukani mapema, na sisi tutafurahi kumwona, lakini mfuko wake hautafurahi.

Nasafiri kwa ndege kutoka uwanja wa Moi. Pawabanki ya ukubwa gani inaruhusiwa?

Sheria za ndege huhesabu Wh. Hadi 100 Wh huna haja ya kuomba ruhusa. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege. Zaidi ya 160 abiria hasafiri nayo. Kwa seli za volti 3.7, 27,000 mAh ni 99.9 Wh, ndiyo maana namba hiyo imejaa madukani. 30,000 mAh ni 111 Wh, hiyo uiombee ruhusa mapema. Kama maandishi yamefutika, mkaguzi ana haki ya kuikataa. Na ibebe kwenye mkoba wa mkononi, isiingie kwenye sanduku linalopakiwa chini. Ulizia pia masharti ya shirika lako kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu mengine hayaruhusu pawabanki itumike ndege ikiwa angani.